Isidore Cubaka Murhula na Sura ya Mama Yetu

Baba Padri, wakubwa wa mtaa, wanakwaya, ndugu wa ukoo wa Murhula, wakwe zetu, wapiga picha wa Kadutu mliofunga studio zenu asubuhi hii, na ninyi majirani wa Cimpunda mnaotusikiliza mkiwa mmesimama kwa sababu viti havikutosha, nawasalimu kwa niaba ya familia, na ninawaomba mnivumilie, kwa maana kwa kawaida yetu kazi hii hufanywa na mwanamume, lakini wanaume wetu walikutana jana wakaona kwamba aliyembeba marehemu mgongoni ndiye anayeijua historia yake, na huyo ni mimi, dada yake mkubwa, Agnès, ambaye wengi wenu mnanijua kwa ukali wa mdomo, na sitaahidi kwamba leo nitaufunga.

Kuna wanaonong'ona tangu juzi kwamba dada wa marehemu halii vya kutosha. Nimelia, mliochelewa kufika hamkuniona. Ila nasema wazi mbele ya jeneza hili kwamba pamoja na huzuni niliyo nayo, moyo wangu umetua, kwa sababu ndugu yangu aliishi na hofu moja tangu utotoni, na hofu hiyo ilimtoka kabla hajatutoka yeye, na ndiyo habari nitakayowasomea.

Marehemu Isidore Cubaka Murhula alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, huko Mumosho, upande ule wa kuteremkia mto Ruzizi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Maman Eulalie Nsimire, mkulima, na wa Papa Grégoire Murhula, mwashi, akabatizwa kwa jina la Isidore, jina ambalo mwaka uliofuata lilikatazwa nchini pamoja na majina mengine yote ya wazungu, hivi kwamba shuleni walimjua kama Cubaka tu, na nyumbani tukaendelea kumwita Isidore kwa sauti ya chini, kama watu wanaoficha mbuzi wa wizi. Mama yetu hakupata nafuu baada ya kujifungua, homa ilimshika ikakataa kumwachia, na tarehe 20 Mei 1971 akafariki, mimi nikiwa na miaka sita, na Isidore akiwa bado hajui hata kukaa.

Mwaka 1973 papa alioa tena, na mama yetu wa kambo, Mungu amrehemu, alitulea vizuri, sina la kumdai. Lakini kabla hajaingia ndani, bibi yetu mzaa mama alikuja akaitoa ukutani picha ya pekee ya binti yake, akisema mke mpya hawezi kulala usingizi akitazamwa na wa zamani, na papa hakumzuia, kisha bibi alipofariki picha ile ikaondoka na mjomba wetu kwenda Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, ndani ya sanduku la bati, nasi tukahesabu kwamba imepotea. Kwa hiyo Isidore alikua bila kuujua uso wa mama yake, na papa hakuwa mtu wa kusaidia katika hilo, maana ukimuuliza mama alikuwa wa namna gani, alikujibu kwamba alikuwa mama yenu, halafu akatafuta kofia yake.

Tulihamia Bukavu mwaka 1976, hapa hapa Cimpunda, papa akifuata kazi za ujenzi, na Isidore alisoma shule ya msingi Kadutu kuanzia 1977 hadi 1983, mwanafunzi wa katikati, si wa mbele si wa nyuma. Ni katika miaka hiyo, wakati wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, ambapo katekista aliwaeleza watoto kwamba mbinguni kila mtu atakutana na wapendwa wake waliotangulia, na Isidore akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na mwenye hajaonaka mama yake, atamujua namna gani?" Katekista alimwambia akae chini. Alirudi nyumbani akaniuliza mimi, ambaye aliniita yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, na mimi nilikuwa nasonga ugali, nikamwambia mama atamjua yeye, akafikiri kidogo akasema, "Hapana yaya, aliniacha niko mutoto, sasa niko na meno." Nilicheka siku ile. Hakuwa anachekesha, na swali lile hakuliacha tena.

Alianza sekondari mwaka 1983, akaishia mwaka wa nne, 1987, kwa sababu papa alianguka kutoka ghorofani akiwa kazini na mguu wake haukurudi kuwa mguu, na Isidore akaingia kujifunza upigaji picha kwa Papa Emile, ambaye wazee mnamkumbuka, studio yake ilikuwa juu ya soko la Kadutu, yenye pazia lililochorwa ziwa na ndege ambayo haijawahi kutua popote. Huko alijifunza kazi ya chumba cha giza, kuosha picha kwa dawa na kuzianika kwa vibanio kama nguo za mtoto, na mwaka 1994 akafungua studio yake mwenyewe, chumba kimoja cha mbao, akawapiga picha wachumba, watoto wa komunyo, wanajeshi waliotaka kuonekana warefu, na kina mama waliokuja na kiti chao wenyewe.

Tarehe 22 Julai 1995 alifunga ndoa takatifu na Maman Francine M'Namegabe, ambaye yupo hapa mbele yenu, mwanamke mwenye uvumilivu ambao mimi sina, na Mungu akawajalia watoto watatu, Destin mwaka 1996, Christine mwaka 1999 na Guylain mwaka 2003, na wote watatu wamesoma, na wote watatu wanajua kusalimia, jambo ambalo siku hizi ni la kushukuru.

Vita vya 1996 na vile vya 1998 vilimkuta katika kazi hiyo, na kama ninyi nyote alikimbia na akarudi, na aliporudi aligundua kwamba watu wa mji huu walikuwa wamezika picha zao. Walizitia katika makopo ya maziwa na mifuko ya plastiki, wakachimba nyuma ya nyumba au chini ya migomba, na walipozifukua, mvua ilikuwa imekwisha kuwatangulia, wakamletea Isidore maharusi wasio na vichwa, mababu walioshikana na kioo cha fremu, watoto wenye ukungu usoni, wakimuuliza kama kuna dawa. Kwa miaka mingi aliwajibu kwamba hakuna, na jibu hilo lilimuuma kuliko lilivyowauma wao. Ndiyo maana mwaka 2006 aliponunua kompyuta ya mitumba na mashine ya kunakili picha, mimi nikamwambia ameleta televisheni isiyo na mpira, yeye akajifungia nayo mpaka akajua jinsi ya kuchukua kipande kizima cha shavu na kukifanya kiraka cha kipande kilichooza, jinsi ya kufuta mikunjo, madoa na mikwaruzo, na jinsi ya kumrudishia mtu rangi ya ngozi yake, yote hayo kwa umeme wa Cimpunda, ambao mnaujua tabia yake.

Kazi ikakua, na watu walikuwa na maombi ya kila namna, wengine wakitaka babu ambaye hakuwahi kuvaa viatu avalishwe suti na tai, na Isidore alimvalisha, wengine wakitaka mume na mke waliofariki bila kupiga picha pamoja wasimamishwe bega kwa bega, na aliwasimamisha, lakini mama mmoja alipokuja akitaka wifi yake aondolewe kwenye picha ya harusi, alimwambia, "Maman, mi ninatoaga ukungu, sitoake bantu." Wifi huyo ni mzima, yupo hapa, na hajui, basi tuendelee.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ndugu yangu alisifiwa sana. Mwaka 2010 kijana wa mtaa wetu aliyeitwa Josué alifariki katika shimo la dhahabu huko Shabunda, na picha yake pekee ilikuwa ile ya kadi ya uchaguzi, iliyoloa jasho na tope hata nusu ya uso ikawa haipo, na kwa kuwa kilio kilikuwa kimekwisha kuanza na kila mtu alikuwa akimharakisha, Isidore akajaza nusu iliyopotea kwa uso wa kaka yake Josué, Théodore, kwa sababu walifanana, akaikuza picha, akaitia fremu, ikawekwa mezani kati ya mishumaa. Kosa lilikuwa kwamba Théodore alikuwa anaingia zaidi kila Isidore alivyozidi kuirekebisha, mpaka aliyekaa mezani akawa ni Théodore mtupu. Shangazi za mchumba wake Théodore walifika kutoka mbali, wakaona fremu, wakajitupa chini wakimlilia mkwe wao, na wakati huo huo Théodore mwenyewe akaingia na benchi begani, alilokwenda kuazima parokiani, na shangazi mmoja aliyekimbia siku hiyo alivuka avenue nzima bila kugusa ardhi.

Cheka tu, mama uliyeketi hapo mbele, hata Isidore alicheka, baadaye. Lakini siku ile hakucheka, kwa sababu mama yake Josué alisimama mbele ya picha, akamgeukia Isidore akamwambia, "Papa Isidore, huyu ni mwenye iko muzima, sasa Josué wangu ni wapi?" Ndugu yangu aliichukua fremu ile mikononi, akamwomba yule mama waende pamoja studio, akamketisha kando yake mbele ya kompyuta, na mama akaanza kumwelekeza, pua ilikuwa pana kidogo, hapana, jicho la huku lilikuwa linalala, shavu si hivyo, mpaka aliposema, "Njo yeye," yaani ndiye huyu hasa, na akaweka kiganja juu ya kioo. Kuanzia siku hiyo hakumaliza uso wa mtu yeyote bila kumwita shahidi, mtu aliyemjua mwenye picha akiwa hai, akae pale ubavuni na aseme njo yeye, na kama hakuna shahidi aliirudisha picha na pengo lake, hata wateja wakimkasirikia, na mimi niliyewahi kudharau mashine ile nilianza kumheshimu kwa ajili ya sheria hiyo.

Mwaka 2019 madaktari walimkuta na ugonjwa wa sukari pamoja na tension, yaani shinikizo la damu, akaanza dawa, akaacha bia lakini si ndizi, na mwaka 2022 jicho la kushoto likafa kabisa, na la kulia likaanza kufuata mwenzake. Mtu wa macho anapoambiwa kwamba macho yake yanazimika, hamna haja ya kuelezwa alivyokuwa. Na ni mwaka huo huo, Mungu ana mambo yake, mtoto wa mjomba wetu alipotoka Shabunda kuja kutibiwa Bukavu, akaja kutusalimia na mfuko wa plastiki, akisema amebomoa nyumba ya baba yake na humo ndani ya sanduku ameona kitu ambacho huenda ni cha kwetu.

Ilikuwa picha ya mama. Papa alikuwa amesimama, kofia mkononi, mimi nilikuwa magotini pao na gauni ambalo silikumbuki, na mama alikuwa ameketi, mikono yake imekaa vizuri kabisa juu ya kitambaa, na pale palipokuwa uso wake unyevu ulikuwa umepita, umebakiza kipaji cha uso, jicho moja, nusu ya mdomo na kidevu, na juu ya vilivyobaki kulikuwa na madoa na mistari myeupe kama ukuta uliolambwa na mbuzi. Isidore aliileta karibu na jicho lake la kulia mpaka pua ikagusa karatasi. Usiku ule Francine alinipigia simu kwamba mume wake amekaa kitandani anarudia jambo moja, kwamba atafika kule na atampita mama njiani kama mtu anavyompita mgeni sokoni, na hatageuka hata kusalimu.

Alianza kazi, na mkono wake sasa ukawa wa binti yake Christine, kwa maana yeye hakuiona tena mishale midogo kwenye kioo, akimwelekeza kwa maneno, toa doa hili, chukua ngozi ya pale, futa mukwaruzo huu, lainisha, ongeza kivuli. Na shahidi, bila shaka, nilikuwa mimi. Nani mwingine? Papa alifariki mwaka 2001, bibi hayupo, mjomba hayupo, mimi ndiye niliyebaki duniani niliyelala kifuani pa mwanamke yule, na waliponiita kuja kutazama nikakaa kwenye kiti cha shahidi, nikamwona mwanamke mzuri, mwenye uso laini, amenyooka, nikasema, "Haiko yeye." Isidore akaniuliza ni wapi pamekosea, na mimi sikujua.

Ndugu zangu, mtoto wa miaka sita anamwangalia mama yake kila siku na hajui kwamba anatakiwa kumkariri. Nilikumbuka kikohozi chake, nilikumbuka jinsi alivyovunja mahindi, nilikumbuka mgongo, lakini uso ulipoletwa mbele yangu nilijua tu kwamba huyu sio. Wakabadilisha pua, nikasema haiko yeye, wakaongeza shavu, wakapunguza mdomo, nikasema haiko yeye, miezi ikapita, jicho likazidi kupungua, ikafika mahali Isidore akawa ananisikiliza huku amegeukia ukuta. Watu wazima wa familia hii, sitawataja, ila wanajijua, walinivuta pembeni wakaniambia, "Yaya Agnès, semaga tu ndiyo, mugonjwa apumuzike, kwani utakufa?" Nilikasirika, na niliyosema siku ile Baba Padri asingependa niyasome hapa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingekuwa fupi kuliko zote, maana ningempa ndugu yangu uso wa mwanamke asiyekuwepo, akaenda nao huko anakokwenda, akawa anautafuta milele katika watu ambao hawana uso huo. Lakini nawaambieni ukweli, kuna jioni nilipomwona anapapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa puani mwake, nilikaribia sana kusema ndiyo.

Badala yake, mwezi wa Agosti mwaka huu, niliteremka Mumosho, nikauliza nyumba kwa nyumba kama kuna mtu yeyote aliyekuwa msichana pamoja na Eulalie Nsimire, na kila mzee alinielekeza kwenye kaburi, mpaka katekista mmoja akaniambia kuna Maman Adélaïde, anakaa kwa mjukuu wake, masikio yamekwisha kwenda lakini macho bado yapo, anachambua maharage mwenyewe. Nilimkuta kwenye maharage hayo. Nilipomtajia jina la mama aliacha kazi, akanitazama kuanzia miguuni, akasema, "We ni kale kasichana ka kulialia," nikajua nimefika.

Jumapili tarehe 8 Septemba 2024 tulimpandisha Cimpunda, sehemu kwa gari, sehemu kwa moto, yaani pikipiki, na ile ngazi ya mwisho ambayo moto haipandi Destin alimbeba, naye akiwa ameshika viatu vyake mkononi visichafuke. Tulimketisha kwenye kiti cha shahidi, Christine akawasha kompyuta, na yule mama akamtazama mwanamke mwenye uso laini kwenye kioo, akasema hamjui. Kisha akaomba ile karatasi yenyewe, picha mbovu, ambayo sisi tulikuwa tumeacha kuitazama, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaweka ukucha juu ya jicho lile moja lililosalia, akauliza, "Na huu mustari wa hapa, muliupeleka wapi?"

Isidore alimjibu kwa heshima, kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake, "Maman, ule ni mukwaruzo wa karatasi, tulishaupangusa."

"Mukwaruzo gani?" yule mama akasema. "Ni kovu. Tulianguka na kuni ku mulima, mi nikavunjika mukono, yeye akapasuka hapa ku jicho, na hii foto yenu inasema tulikuwa tunatoka kucheza?" Akatukunjulia mkono wake wa kushoto, na mkono huo mpaka leo haunyooki, na yupo pale mbele na mkono wake, mwenye shaka aende akamsalimu.

Basi yalikuwa hayo. Fundi aliyewasafisha watu wa Bukavu nzima alikuwa amemsafisha mama yake mwenyewe mpaka akamfuta, kwa sababu kati ya mistari yote myeupe ya picha ile, mmoja haukuwa wa karatasi, ulikuwa wa mama. Christine aliurudisha mstari. Nyusi ikakatika katikati, na ilipokatika, Maman Adélaïde akasema sasa lile jicho tulilolipanua lipunguzwe, kwa maana tangu siku ya kuni lilikuwa dogo kuliko lingine, na mdomo uvutwe kidogo upande huo huo, ndivyo alivyokuwa akishika uso wake, na Christine akafanya hivyo. Kidole changu kilikumbuka kabla ya kichwa changu. Nilipokuwa nikilala kando yake nilikuwa nikipitisha kidole hiki pale pale, kwenye kijia kisichoota nyusi, nikienda nacho na kurudi nacho mpaka usingizi unichukue, na kwa miaka hamsini na zaidi sikuwahi kukumbuka jambo hilo hata mara moja, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kompyuta mimi bibi mzima nikilia kama nilivyoitwa na Maman Adélaïde, ka kulialia, na nikasema, "Njo yeye. Isidore, njo yeye kabisa."

Alisogeza kiti. Alileta jicho lake la kulia kwenye kioo, kwa kuwa lilikuwa linaona mahali padogo tu kwa wakati mmoja akampitia mama yake kipande kwa kipande, kipaji, kovu, jicho dogo, mdomo, akishuka na akipanda, na hakuna aliyemharakisha. Halafu alisema, "Kumbe Christine alimufanana," na Christine, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akilijenga shavu la bibi yake bila kujua kwamba analibeba usoni, akatoka nje kidogo. Tuliichapa picha kubwa, kubwa kuliko fremu yoyote tuliyokuwa nayo, ikakaa ukutani mbele ya kitanda, na kila asubuhi aliomba kusogezwa karibu nayo kabla ya chai. Mimi nilimuuliza kama bado anaogopa. Alinijibu kwamba anaogopa sindano.

Mwezi wa Oktoba figo zilianza kukataa kazi, akalazwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na siku zile za mwisho jicho la kulia nalo lilizimika kabisa, jambo ambalo sisi tulililia na yeye hakulililia, akatuambia alichokuwa anahitaji kukiona amekwisha kukitia ndani. Alipewa mpako wa wagonjwa, akawaita watoto wake kila mmoja kwa wakati wake, akamwomba Francine msamaha kwa miaka yote ya chakula kilichopoa akiwa studio, na asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Novemba 2024 alilala, na hakuamka, na muuguzi aliyekuwa naye alituambia kwamba hakuhangaika.

Anaacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na dada mmoja mwenye mdomo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokuwa wakimweleza kila dawa kwa subira ingawa aliwauliza maswali kama mwalimu, inawashukuru majirani wa Cimpunda kwa maturubai, kwa maji mliyopandisha, na kwa sufuria zenu ambazo naomba kila mmoja aitambue ya kwake kabla ya kuondoka, inawashukuru wanakwaya waliokesha, inawashukuru wapiga picha wenzake, ambao mmeleta hapa leo picha mlizorekebishiwa na yeye na kuzipanga ukutani bila kuombwa na mtu, inamshukuru Baba Padri aliyemtembelea, na inamshukuru Maman Adélaïde wa Mumosho, kwa kutosahau rafiki yake.

Na sasa, Isidore, nakugeukia wewe, kwa maana ni kawaida yangu kukupa maagizo kabla ya safari, na sijui kuacha. Ulinipa swali nikiwa nasonga ugali nikakujibu ovyo, na sasa ninalo jibu. Mama hatakujua. Anamtafuta mtoto wa miezi miwili aliyefungwa kitambaa, hajui kwamba umeota mvi, kwamba umekuwa baba na babu, kwamba unavaa miwani, atakutazama na atadhani ni mzee fulani wa Kadutu anapita. Usikasirike, usisubiri akuone. Wewe unamjua. Basi pumzika kwa amani, ndugu yangu, na utakapomwona, mwite wewe kwanza.